Diski Niliyoipeleka Shume

Dada Halima, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Shume, kwenye baridi na ukungu. Mjomba aliniuliza: orodha ya kutafutia vitabu ya maktaba yake ya Lushoto, tuipeleke nzima kwenye kompyuta ya huku, au vitabu vipya tu? Nikachagua nzima, kwa kuwa ni rahisi. Orodha ya kwenye diski yangu ikachukua nafasi ya ile ya huku, ikafuta vitabu ambavyo mama mtunza maktaba wa huku alikuwa ameviingiza mwezi mzima kwa kidole kimoja.

Nilipomwomba radhi alinimenyea peasi. "Kula, mwanangu, halafu ukae hapo. Wewe una vidole kumi."

Nikakaa, nikaanza kuviingiza upya. Nimefika herufi ya K, na bado siwezi kumtazama usoni. Mwambie mama sirudi Jumamosi. Sababu nitamweleza mwenyewe. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Zaina