Panzi Mpya Haruki

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Kaka Ngolo ameletwa leo kutoka Ruhembe. Wakata miwa wenzake wawili walimteremsha kwenye pikapu mbele ya banda langu la gemu, wamemshika kwapani. Aliondoka hapa Mikumi mwaka jana amejitwika kitanda peke yake. Leo ameufunga mkanda wa suruali kwa fundo, matundu yameisha.

Kifua kikuu. Dawa ni za miezi minane. Amemeza za wiki tatu.

Nimempa chumba changu. Mimi nitalala bandani na mashine zangu.

Jumatano, 3 Septemba

Zahanati. Sista Hildegarda anataka ameze mbele ya macho yake kila asubuhi. Kasema akikatisha, ugonjwa utarudi na vidonge hivi havitafua dafu.

Njiani Ngolo akaniambia vidonge vinamchefua. Mkojo mwekundu. Na haoni anangojea nini.

Nikasema Panzi mpya wa gemu ametoka.

Akasimama. “Panzi yule yule?”

Yule yule. Miaka yote hii walikuwa wamemwacha, sasa wamemtoa upya kwa mashine za CD. Cleopa, dereva wa lori la Mbeya, ameahidi kuniletea kutoka Dar.

“Basi nitameza mpaka aje,” akasema.

Jumamosi, 6 Septemba

Amekula nusu sahani ya ugali. Muda uliobaki tumemaliza kwa kumzungumzia Panzi.

Kilosa, mwaka tisini na nne, banda la gemu la Mzee Donati karibu na stesheni. Tulikuwa tumehamia Masanze na ng'ombe wa baba, shuleni wanacheka Kiswahili cha Ngolo. Mbele ya ile tivii hakucheka mtu. Panzi wa kaseti, kijani, viatu vyekundu, anaruka jani kwa jani, na wimbo wake nyuma. Wengine walimaliza roho tatu kwenye hatua ya pili. Ngolo alipita zote nane kwa roho moja. Watu wazima walikuja kumtazama. Akibakiza mruko wa mwisho, ananipa pedi ya kuchezea. “Malizia wewe, Agness.”

Jumanne, 16 Septemba

Cleopa kaja na CD! Ngolo alioga kwanza, akavaa shati.

Sijui niandikeje.

Panzi ana bunduki. Ana mabega, ana kidevu kama baunsa. Majani hakuna, ni mji wa kijivu na magari yanayoungua. Ule wimbo wake hawakuuweka. Ukibonyeza kuruka, anajinyanyua kidogo kama aliyebeba gunia la mpunga, anatua. Akikaribia ukuta picha inageuka, humwoni tena, unasikia tu anapigwa. Akifa, unasubiri mpaka chai ipoe ndipo gemu irudi.

Ngolo alicheza saa nzima. Alikuwa anabonyeza kuruka tu. Kisha akaweka pedi chini, taratibu, akaenda kulala na shati lake.

Alhamisi, 18 Septemba

Hakwenda zahanati. Jana pia.

Jumamosi, 20 Septemba

Sista Hildegarda kaja mwenyewe. Ngolo alimwamkia vizuri, shikamoo, akageukia ukutani. Sista akaniambia nje: siku nne tayari. Asiache zaidi ya hapo.

Nikaingia nikamlilia. Kaka, nifanye nini?

“Wamemfufua wakamharibu,” akasema. “Na mimi mnataka kunifufua hivyo hivyo. Nikae hapa sina nguvu ya kukata hata muwa mmoja. Bora angebaki kwenye kaseti.”

Hapo nikadanganya. Nilisema Cleopa alinipa siri nikasahau: ukimaliza hatua zote kumi na mbili, yule wa zamani yumo ndani. Majani yote, wimbo, viatu. Wamemficha mwisho.

Akageuka. Kanitazama sana.

“Cleopa kasema?”

Nikaapa. Mungu anisamehe.

Jumapili, 21 Septemba

Amemeza. Sista alimfungulia zahanati hata siku ya leo.

Ijumaa, 26 Septemba

Yuko hatua ya tano. Anaichukia gemu, anaitukana Kisukuma, anaendelea. Asubuhi dawa, uji, pedi.

Mwalimu Filipo alipita jioni. Gemu hii ameimaliza Morogoro, kwa shemeji yake. Nikamvuta pembeni nikamuuliza mwisho kuna nini. Hakuna kitu, kasema. Panzi anawasha sigara, majina ya Wajapani yanapita, basi.

Nimemsihi asimwambie Ngolo. Hakuelewa, ila amekubali.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hatua ya kumi. Mkanda sasa unafika tundu la mwisho. Leo kaniuliza kama nakumbuka wimbo. Nikauimba vibaya, akanisahihisha, akakohoa, akacheka.

Nimefikiria kuificha CD. Nimefikiria kumwambia ukweli. Miezi sita na zaidi imebaki, na hatua mbili.

Jumapili, 5 Oktoba

Yuko ya kumi na mbili. Anakufa pale pale kila mara, kwenye daraja.

Nilikuwa naandika hapa mezani. Lori la Cleopa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, nami sikuliona. Ngolo kaliona kwanza. Kaweka pedi.

“Ngoja nikamsalimie. Nimuulize daraja hili linavukwaje.”

Nikasema jua kali, kaka, nitamwita mimi. Hakusikia. Amevuka lami peke yake, hajashika kitu, wala hajapumzika katikati. Tangu aje sijamwona akitembea hivyo.

Cleopa ameshuka. Wamepeana mikono. Ngolo anaongea, anaonyesha kwa vidole jinsi Panzi wa zamani anavyoruka. Cleopa anasikiliza, amekunja uso. Sasa ananitazama mimi. Naweka kalamu.