Mukono wa Kapinga

Mujukuu wangu Ngalula,

Huku Panda tuko wazima, na baba yako amerudi na mahindi toka Kapolowe. Unauliza usomee uuguzi kwa shule ya prive, ya mutu binafsi, ao ya Leta, ile ya serikali.

Minye nilisomea prive. Viti vilikuwa vipya, lakini sindano tuliiona kwenye picha tu. Siku ya kwanza hospitalini nikasimama na sindano mbele ya mugonjwa, sijui pa kuchoma. Binamu yangu Kapinga, muuguzi mwenzangu pale, aliyesomea shule ya Leta yenye paa la kuvuja, akanivuta pembeni, akapandisha mukono wa blauzi.

"Choma hapa, yaya, dada yangu mukubwa. Minye siogopi, kwetu shuleni tulichomana kila siku."

Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu nikapata mushipa, tukacheka.

Tembelea shule zote mbili, mama. Uliza wanafunzi mikono yao imekwisha kufanya nini.

Kaku wako