Fomu ya Handaki Letu

Jumanne, 9 Mei

Nimezunguka barabara yetu nzima na fomu za zimamoto. Nyumba kumi na nne, na jua hili la Oklahoma! Kila mwenye handaki la kujikinga na kimbunga aandike liko upande gani wa nyumba na wanaojificha ni wangapi. Kimbunga kikipita, zimamoto wanafuata orodha, wanafukua. Asiyeandikwa, nani atajua yuko chini? Mzee Purvis wa ng'ambo ya barabara kanicheka. Eti miaka sabini anakaa kibarazani na kahawa yake akivitazama vimbunga, na havijamla. Nimemwambia, saini hapa, mzee, kahawa utaimalizia mbinguni. Kasaini!

Ijumaa, 12 Mei

Orodha nimeipeleka. Mkuu wa zimamoto kanisifu mbele ya watu — kichwa kikavimba, nakiri. Jioni mama mkwe, Oleta, kauliza: na fomu yetu je? Yetu iko humu daftarini, nimeibana isipotee. Nilitaka kwanza nihesabu hatua kutoka jikoni mpaka handakini. "Mganga hajigangi," kasema, akacheka mpaka mpira wa oksijeni ukamtoka puani. Nimekasirika. Nitaipeleka Jumatatu, kwani kuna nini!

Jumamosi, 13 Mei

King'ora kimelia saa sita mchana. Kila Jumamosi saa sita hulia, majaribio tu, hata mbwa hawashtuki. Nikaendelea kumenya viazi. Ni Oleta aliyepiga kelele: "We! Siku ya mawingu hawajaribu!" Ee Mungu wangu. Nje mbingu zimekuwa kijani. Nimemkokota mpaka handakini na mtungi wake mdogo wa oksijeni. Mkubwa umebaki chumbani — kama chumba bado kipo.

Saa nane. Ngurumo imepita. Mlango haufunguki, nadhani ule mti wa uani umeulalia. Simu haina mtandao. Mume wangu, Wendell, yuko Texas kwenye visima vya mafuta mpaka Jumatano.

Mshale wa mtungi uko robo. Oleta kauliza watakuja lini. Nimemwambia, wanafuata orodha, mama. Fomu ninayo hapa mapajani. Naona aibu kuliko hofu. Hapana, mwongo mimi. Naogopa.

Gari! Limesimama ng'ambo. Kupitia bomba la hewa namsikia mtu akisoma: "Purvis, mmoja, nyuma ya banda." Maneno yangu mwenyewe hayo! Nimegonga mlango kwa kopo la maharage mpaka limebonyea. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Msumeno wao unanguruma, hawasikii kitu. Oleta hacheki tena. Kanishika mkono, midomo imeanza kuwa ya bluu.

Msumeno umezimwa, wamemtoa Purvis. Mzima! Namsikia akigomba, anataka kofia yake. Wanamwambia panda, mzee, orodha bado ndefu.

Nagonga tena. Purvis, unajua tuko hapa. Hizo fomu nilikuletea mimi. Waambie, mzee. Acha kofia, sema