Mawe ya Ukuta wa Kanisa

Jumapili, 6 Julai
Shule ya Jumapili tena chini ya turubai, kwa sababu kanisa linajengwa. Vumbi la saruji, watoto hawatulii. Mawe ya ukuta mpya yameletwa kutoka timboni yanakochimbwa, yakapangwa hapo hapo tunapokaa. Mtoto mmoja akaona kombe la baharini ndani ya jiwe, akauliza nani alilitia. Nikawaambia ukweli. Jiwe hili lilikuwa bahari. Matumbawe yalikuwa hai, yakafa, yakarundikana, yakawa mwamba, zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuzaliwa. Nikawaambia Mungu ndiye aliyefanya yote hayo, polepole. Wakaligusa kombe kwa zamu.

Nyumbani Mjambere nikamkuta binti yangu Wakesho anajaribu gauni la harusi. Limembana kiunoni. Hataki kuambiwa.

Jumatano, 9 Julai
Kumbe mmoja wa watoto alimwambia babake kwamba kanisa letu linajengwa kwa wanyama waliokufa kabla ya Adamu. Babake ni mzee wa kanisa. Mzee akampigia Mchungaji. Leo kwenye kundi la simu la kanisa kuna picha ya tumbili aliyevaa miwani kama yangu. "Mwalimu Tumbili." Watu wazima wamecheka. Hata yule mama ambaye nilimfundishia mwanawe baiolojia mpaka akapita mtihani, naye amecheka. Nimezima simu. Leo nawachukia na sitaki kujifanya siwachukii.

Jumapili, 13 Julai
Mahubiri yote yalikuwa mimi. Jina halikutajwa, lakini shingo zote zilinigeukia. Wapo walimu humu, akasema Mchungaji, ambao babu yao ni nyani, wacha waende wakasali msituni. Kanisa likapiga makofi. Makombe yaliletwa na gharika ya Nuhu, akasema. Mtu huyu hajawahi hata kuinama akayatazama. Matumbawe yale yameota moja juu ya jingine, kila moja pale pale lilipoishi. Maji ya fujo hayapangi vitu hivyo. Lakini mtu wa mimbarani haulizwi swali.

Jumanne, 15 Julai
Nimeitwa mbele ya wazee. Hawakunipa hata maji. Nimetengwa. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna shule ya Jumapili, nikae kiti cha nyuma mpaka nisimame mbele ya watu nitubu. Na wanajua vizuri pale panapouma. Aliyetengwa hasogei madhabahuni kwa jambo lolote, hata la mwanawe. Harusi ya Wakesho ni tarehe 26. Babake alikufa mtoto hajaanza kutembea. Mimi ndiye wa kumshika mkono na kumkabidhi kwa mumewe. Mimi, si mtu mwingine.

Mchungaji akatabasamu, akasema mlango wa toba uko wazi. Nilitamani kumrushia Biblia yake.

Alhamisi, 17 Julai
Kidato cha Nne, somo la mageuzi ya viumbe. Nyuma ya darasa mtu akalia kama tumbili. Nikaendelea kuandika ubaoni.

Sijawahi kuona kwa nini nichague. Kitabu cha Mwanzo nimekisoma tangu Taita, kwa bibi yangu. Nchi iliamriwa itoe viumbe, ikatoa. Hakuna aliyeandika ilichukua muda gani kutii. Wananiambia siku sita. Jua lenyewe liliwekwa siku ya nne. Hizo tatu za kwanza zilipimwa kwa macheo ya wapi? Niliwauliza wazee hilo. Mmoja akasema nina kiburi. Basi ninacho.

Jumamosi, 19 Julai
Kaka yangu Mwakio amefika kutoka Wundanyi. Hata begi hajatua akaanza. Nimemwaibisha, wakwe watatucheka, na nikizidi kichwa kigumu basi yeye kama mjomba atamkabidhi Wakesho mwenyewe. Amenunua suti tayari. Mnafiki.

Wakesho akalia. "Mama, sema tu wanachotaka. Ni maneno tu."

Nikamwambia maneno ndiyo kazi yangu. Akaniambia nayapenda mawe kuliko yeye. Akaingia chumbani akabamiza mlango. Nimekaa jikoni, wali ukaungua.

Nitatubu. Wameshinda.

Jumapili, 20 Julai
Nilisimama mbele. Nikasema namwamini Mungu, Muumba wa mbingu na nchi. Ni kweli, na nilisema kwa moyo. Makofi, vigelegele. Wakesho alikuwa anatabasamu. Nikadhani yamekwisha.

Mchungaji hakutosheka. Alitaka niwageukie watoto niwaambie kwamba yale niliyowaonyesha kwenye mawe ni uongo. Walikuwa wamekaa safu ya kwanza, miguu haifiki chini. Nilifungua mdomo niseme. Wallahi nilitaka kusema, kama anavyoapa jirani yangu Bi Zuhura. Likatoka jingine.

"Mchungaji, jiwe lile aliliumba Mungu. Nikisema linadanganya, namsingizia nani?"

Mchungaji akanielekeza kiti cha nyuma kwa kidole, kama mtu anayefukuza kuku. Wakesho akatoka nje.

Jumatano, 23 Julai
Hatusemezani. Anapita sebuleni kama mimi ni kabati. Gauni limeachiwa kiunoni na fundi mwingine. Zamani nguo zake zote nilizirekebisha mimi.

Jumamosi, 26 Julai
Harusi. Mwakio alimwingiza, suti ikimning'inia mabegani. Wakesho alipendeza mno. Alipita karibu na kiti changu, akatazama mbele. Sikumlaumu. Nililaumu wengine, wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Mchungaji akauliza nani anamkabidhi binti huyu. Mwakio akajibu, "Mimi." Watu wakaanza kugeuka nyuma. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nimesimama. Sikukaa. Nilisimama hivyo hivyo mpaka ibada ikaisha, na mzee wa zamu alipokuja kuniambia nikae nilimtazama tu, akaondoka.

Kwenye karamu nilikunywa soda. Chakula sikukigusa.

Jumapili, 27 Julai
Nimekwenda kanisani. Wengi walitarajia nisionekane tena. Ni kanisa langu pia. Nikakaa kiti cha nyuma, nikaimba sauti yangu yote. Nilimwambia Mungu bado nina hasira na asiniharakishe, maana yeye mwenyewe hajawahi kuharakisha kitu.

Nyumba imenyamaza. Mwakio ameondoka na basi la asubuhi bila kuaga. Nimefagia chumba cha Wakesho, kisha nikakaa kitandani kwake.

Mchana akapiga simu kutoka Bombolulu, kwa mumewe. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia nimekula, mwanangu, nimeshiba kabisa. Sijatia chakula mdomoni tangu juzi.