Mishale ya Podo ya Mwisho

Baba,

Shikamoo. Nimevunja kiapo chetu cha siri na sijutii, kwa hiyo nisikilize kwanza kabla hujakunja uso.

Tangu tukuzike, watu wa hapa Segese wanaitunza mishale yako kama hirizi. Mzee Masunga, mtemi wetu wa sungusungu wanaolinda kijiji, amekataza ile podo ya mwisho isiguswe ovyo. Wanasema kila chembe cha mshale ulikinuizia, ndiyo maana mshale wako haukosi. Nilipowapelekea mipya niliyoifua mwenyewe, waliipokea kwa adabu wakaiweka pembeni. Mwanamke anapoza chuma, wakasema, na dawa baba yako Nkwabi amekwenda nayo kaburini. Iliniuma, Baba. Nilirudi kibandani nikafua nondo mpaka mkono ukafa ganzi.

Ati manuizo. "Polepole." "Ongeza upepo." "Toa sasa, Minza, toa." Hiyo ndiyo dawa waliyoisikia nje ya kibanda, wewe ukininong'oneza mimi niliyejificha nyuma ya mivukuto, maana mwanamke hakaribii tanuri. Wao uliwaambia nimeleta maji. Miaka ishirini nikaleta maji. Hakuna nyumba iliyokunywa maji kama kile kibanda.

Mikono yako ilipoanza kutetemeka, ukabaki kwenye kigoda unanong'ona, nyundo ninayo mimi. Siku moja uliinua chembe, ukakitazama sana, ukasema, "Hiki nisingekiweza hata ujanani." Nikakipokea, nikakifungia uzi.

Aliyenisukuma ni mjukuu wako Kabula. Ana mchezo kwenye simu wenye pinde za kufyatua, zile zenye kitako kama bunduki, na vishale vifupi vinavyowaka bluu mhunzi akishavitia uchawi. Mhunzi mwenyewe mzee, ndevu mpaka tumboni. Akaniuliza, "Mama, mbona fundi wa silaha za uchawi kila mara ni mwanamume?" Swali lake nilitembea nalo wiki nzima.

Basi Jumapili nikasimama kwenye mkutano wa sungusungu, nikaomba podo yako. Nikawaonyesha mshale mmoja mmoja, pale chini ya chembe uzi unapofungwa. Ya kwako ya zamani, ambayo wazee bado wanayo, uzi umezungushwa kulia. Hii ya podo ya mwisho yote umezungushwa kushoto. Nikainua mkono wangu wa kushoto, ambao kijiji kizima kinajua ndio ninaolimia na ndio ninaopikia.

Mzee Masunga akachomoa ule mshale aliomwangushia fisi aliyekuwa anammalizia mbuzi wake, akauzungusha, akautazama uzi. Nilidhani atautupa. Akasema, "Mayu, mama yangu, kumbe ni wewe uliyeniokolea zizi. Wabeja, asante sana." Kisha akaniagiza ishirini, mbele ya watu wote.

Baba, ulinificha ili mishale ikubalike, nami sikulaumu. Ungewaambia mapema, wangeivunja yote. Lakini ulinifundisha vizuri mno kiasi cha kushindwa kufichika. Natembea hapa kichwa juu, na nusu ya kiburi hiki ni chako.

Pumzika sasa. Nakuahidi tanuri halitazimika, na Kabula akitaka nyundo nitampa mlango ukiwa wazi, atakayepita amwone.

Ni mimi binti yako,
Minza, mhunzi wa Segese