Baba Yenu na Mbuzi Nyuma ya Pikapu

Shekha na Amin,

Wali umo sufuriani, samaki wa kupaka nimemfunika kwa kawa. Bibi yenu amejinyoosha chumbani. Apakuliwe yeye kwanza.

Mimi na baba yenu tumekwenda Mombasa kununua pikapu. Naam, pikapu! Miaka miwili nikimwomba, jawabu lake lilikuwa moja: wanawake wa nyumba yake hawatapanda nyuma pamoja na mbuzi.

Basi leo asubuhi tukipeleka mbuzi wa akika Mambrui, lile gari kuukuu likazimika kwenye daraja la Sabaki, likagoma kabisa. Mpwa wangu Aboud akapita na pikapu yake. Kando ya dereva pana nafasi ya watu wawili tu, tukakaa mimi na bibi yenu. Baba yenu akapanda nyuma na kanzu yake nyeupe, mkono mmoja kofia, mkono mmoja pembe za mbuzi.

Aliposhuka alijipangusa, akasema eti nyuma kuna upepo mzuri.

Fundi akilivuta lile gari hadi hapa, ~~mwambieni achukue vyuma~~ liwekeni uani, kuku wapate pa kutagia.

Baba yenu akirudi msimcheke. Nimemcheka mimi, yatosha.

Mama yenu, wa kiti cha mbele