Ermete Bonfigli, Mabega Yaliyoianzisha Kwaya ya Roccaspina

Umetimia mwaka, Ermete, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipoketi ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu, ukavaa kimoja tu. Mkeo Delfina alikuwa jikoni anachemsha kahawa. Alikuita mara ya kwanza, ukanyamaza. Akakuita tena, kwa jina lile analokuita akikasirika, ukanyamaza vilevile. Hapo akajua, maana jina lile hukuwahi hata siku moja kuliacha lipite bila kujibu.

Ulikuwa fundi wa kusuka viti, na hakuna nyumba Roccaspina isiyokalia kazi ya mikono yako. Zile nyasi za mtoni ulizilowesha kwenye hodhi la kuogea kila Ijumaa, na Jumamosi sisi sote tukaoga kwa ndoo. Binti yako Loredana mpaka anaolewa alidhani hodhi za watu wote zina nyasi. Sigara zako ulizificha kwenye debe la unga ukiamini hakuna ajuaye. Mkate wetu ulinuka tumbaku miaka yote, nani asingejua?

Wageni hukuwauliza watakaa siku ngapi. Waimbaji wa opera, ule mchezo wa kuimbwa unaotufikia kila Agosti, walipopangiwa nyumba za kulala, uliwapa kitanda chenu, wewe na mkeo mkalala jikoni. Mwaka mmoja alikuja binti mwimbaji aliyezomewa katika mji aliotoka. Alilia mezani, maharage yakapoa. Ukamsogezea jibini, ukamwambia: “Binti, kula. Hapa hakuna anayejua ulitakiwa uimbeje. Wewe imba tu.” Aliimba. Kila Krismasi aliwatumia kadi.

Lakini watu hawakukuita fundi, walikuita Mzee wa Kwaya. Kila Agosti lile tamasha la majira ya joto lilizunguka miji midogo ya mlimani na opera yake, mavazi kwenye lori, wapiga fidla kwenye basi, na jukwaa la mbao la kufungua na kufunga. Lilikuwa na sharti moja. Waimbaji wakubwa wataletwa, ila kila mji utoe kwaya yake wenyewe. Mji usio na kwaya unarukwa. Valdorno, ng'ambo ya bonde, walirukwa kila mwaka, nasi tukawacheka, Mungu atusamehe.

Asiyetoka huku ataona ni jambo dogo, jioni moja ya nyimbo. Si dogo. Shule yetu ilikwisha kufungwa, na posta ikafuata. Krismasi watoto hawaji, barabara ina theluji. Pasaka hawaji, kazi haziwaruhusu. Lakini jioni ya opera mwanao Settimio alitoka Torino na Loredana akatoka Ujerumani, na kila nyumba ikawa hivyo. Watu walibeba viti vya jikoni mpaka uwanja wa kanisa, mabibi wakagombania safu ya mbele, na kwa jioni moja mji ukawa na watu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki cha kumrudisha mtu nyumbani.

Na mkeo, unavyomjua kwa vitendawili, alikutegea mezani kiangazi kimoja. “Nimewagawia watu thelathini, kila mmoja kapata chote.” Ulifikiri mpaka ukamaliza tikiti zima peke yako, ukasema: “Mafua.” Kumbe jibu ni wimbo. Ukakataa kushindwa, ukasema mafua nayo yanafaa. Akadai mji kama mshindi anavyodai, ukampa Valdorno.

Baridi ilipoanza ulitukusanya kwenye chumba cha kinu cha zeituni, kwa kuwa ndicho chenye jiko kubwa. Kati yetu hakuna aliyejua kusoma noti za muziki, na wewe mwenyewe ulizisoma kwa kupapasa. Ulitufundisha kwa mdomo, mstari baada ya mstari, huku mikono ikisuka kiti cha mtu. Goti lako bovu halikukuruhusu kusimama, basi uliketi mbele, sisi tukasimama nyuma yako. Ukatuambia: “Mdomo msiutazame. Mkiona mabega yangu yameinuka, na ninyi vuteni pumzi. Mengine Mungu atasaidia.”

Ndivyo tulivyoimba miaka yote. Kiongozi wa muziki kutoka mjini alipunga mkono, wewe uliutazama mkono, sisi tuliyatazama mabega yako. Kila Agosti kiongozi aliondoka akitusifu jinsi tunavyoufuata mkono wake, nasi tulishukuru kwa adabu. Nyumbani wewe na mkeo mlicheka mpaka ukakohoa.

Ulipotutoka tulifanya kama inavyofanywa huku. Nafasi ya marehemu haikaliwi mpaka mwaka upite, si kanisani, si mezani, si kwenye benchi la baa. Kwa hiyo kiti chako tulikiweka mbele ya kwaya pale pale, tukakifunga utepe mweusi. Tuliona ni heshima. Hakuna aliyewaza jambo jingine.

Msimu wa baridi mazoezi yaliendelea. Quintilio, mwoka mikate, yule aliyekutania maisha yake yote, alitushikisha mwendo kwa kupiga meza kwa kiganja. Tulijiona tuko tayari. Mkeo alikuja kaburini kukwambia hivyo, tena kwa maringo.

Mwezi wa Mei akaja kiongozi mpya kutusikiliza, mwanamke kijana, Bi Ottavia. Akatupanga kwenye ngazi za kanisa. Fidla ikaanza wimbo wa wavunaji, ule tunaoujua hata usingizini. Bi Ottavia akainua mkono, akaushusha. Hakuna aliyeimba. Watu wazima wote wale, macho kwenye kiti kitupu, wanangoja. Fidla ikarudia. Mkono ukashuka tena. Tukangoja tena.

Quintilio akasema: “Ermete huyu, hata kufa amekufa, bado anatuchelewesha.” Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

Bi Ottavia aliuliza kulikoni, na mkeo akamweleza yote. Hakutudharau, Ermete, usimchukie. Aliomba tu kiti kiondolewe, tumtazame yeye. Kikaondolewa. Tukapatazama mahali kilipokuwa. Wachache waliuona mkono wakaanza, wengine wakaanza waliposikia wenzao wameanza, na wimbo ukatoka vipande vipande, kila mtu na chake. Akatupa muda hadi Juni.

Tulihangaika. Mkono wa mtu usiyemjua si kitu cha kujifunza uzeeni. Mwisho Quintilio akaja nyumbani na mkate chini ya kwapa, akakaa, akazungukazunguka kwa maneno, mwisho akasema: “Delfina, kikalie wewe. Wewe umelala kando ya pumzi zile tangu usichana wako. Nani anazijua kukushinda?”

Mkeo alisema mwaka haujaisha, ni mwiko. Quintilio akamwambia kwamba wewe ukichukia utakuja kumkemea yeye, na kwamba angefurahi sana kukemewa. Mkeo akakubali. Hakukubali kwa ajili ya opera, tuseme kweli. Moyoni alikuwa anamwona Settimio anapanda kilima na gari lake, watoto wamelala nyuma.

Juni ikafika. Bi Ottavia alikuja na mwimbaji, msichana mwenye sauti nyembamba safi, akaimba peke yake pale kwenye opera mke anapomuaga mumewe anayekwenda vitani. Kwaya ilitakiwa imngoje amalize. Mkeo ameketi mbele, mikono magotini, macho kwenye mkono wa Bi Ottavia kama ulivyokuwa wewe. Alitaka sana kukufanyia vizuri. Akajisogeza kidogo akae sawa, ndipo akahisi kiti kimebonyea kwa umbo lako, si lake. Kilio kikampanda. Hakutoa sauti, alijizuia. Mabega tu yakainuka.

Kwaya nzima ikaingia.

Waliingia kwa nguvu zote kama ulivyowafunza, wakamfunika yule msichana katikati ya neno. Na waliimba vizuri, Ermete, mpaka popo wa mnarani wakaruka. Ndiyo mara pekee mwaka huu walipoanza wote pamoja. Mkeo aliposikia wameingia akazidi kulia, mabega yakazidi kupanda na kushuka, na wao masikini wakazidi kuyafuata, wanavuta pumzi pasipo na pumzi, mpaka wimbo ukawafia mdomoni.

Bi Ottavia alikuja akachuchumaa mbele ya mkeo. Akamwambia: “Mama Delfina, mnaimba kuliko miji yote ninayopita. Lakini kwaya hii ina kiongozi wake tayari, nami siwezi kushindana naye.”

Haikupita wiki, watu wa tamasha wakapiga simu. Agosti hii opera itakwenda Valdorno. Huko wamepata mwalimu wa muziki, na kwaya yao inaufuata mkono. Watu wa Valdorno nao wakatuma salamu kwamba Roccaspina wote wanakaribishwa, wenye sauti waje waimbe nao. Quintilio alijibu atakwenda Valdorno siku mkate utakapojioka wenyewe. Jioni ya opera tulimwona akishuka bondeni na shati jeupe. Hatukumwita. Mtu mwenye sauti aende wapi?

Kabla ya hapo mkeo aliwapigia watoto kuwaambia opera haiji, ila akawaambia waje vilevile, maharage yatakuwepo, na vitanda vimeanikwa. Loredana alisema ataona. Settimio, asinune akisoma hapa, aliuliza: “Mama, sasa tuje kufanya nini?” Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza, na mkeo, mwenye majibu ya vitendawili vyote vya mlima huu, akauliza tu kama wajukuu hawajambo. Mpaka leo analitafuta jibu hilo. Kaburi lako na kuku wawili si jibu la kumwambia mtu aendeshe gari kutwa nzima na watoto wadogo.

Siku ya opera alifagia mbele ya mlango kama kawaida, akapika sufuria kubwa kama kawaida, kwa kuwa mkono umezoea. Hakuna gari lililopanda. Jioni alitoka akasimama ukutani juu ya bonde, asikilize kama sauti itavuka. Haikuvuka. Taa za Valdorno zilionekana nyingi. Maharage yalichacha, tukawapa kuku.

Baridi hii hakuna atakayewasha jiko la kinu cha zeituni. Wanne wa kwaya wamehamia kwa watoto wao mjini, na wale waliobaki wanasalimiana kama watu waliofiwa pamoja. Tumeambiwa labda mwaka kesho opera itarudi. Labda hiyo tunaijua. Tuliambiwa juu ya shule, tukaambiwa juu ya posta.

Hatukuandikii ili uhuzunike huko uliko. Ulituzoesha kukwambia kila kitu, hata yale ambayo huwezi kuyarekebisha, nawe ulisikiliza ukisuka, ukatikisa kichwa, na mtu akaondoka amepungukiwa mzigo. Tikisa kichwa basi. Mkeo anasema hata hivyo asingekuomba ufundishe kwaya kwa namna nyingine. Angekuomba tu uvae na kile kiatu cha pili.

Padri siku hizi anatufikia Jumapili ya mwisho ya mwezi. Atakutaja kwenye misa ya asubuhi, na kahawa itakuwa kwetu.

Unakumbukwa na mkeo Delfina. Wanao Settimio na Loredana. Wakwe zako Ilaria na Anselm. Wajukuu zako Nevio, Tecla na mdogo Ermete, aliyerithi jina na mafua. Dada yako Assuntina. Shemeji zako wenye kinu cha zeituni. Na Quintilio, ambaye hana tena wa kumtania.

Tutakukumbuka siku zote, Ermete. Hilo tu ndilo tunaloweza kulianza wote pamoja bila wewe.